Kupanda korongo la theluji lenye mwinuko mkali: anza na saa, shoka baadaye

Korongo la theluji huanzwa usiku na kumalizwa asubuhi. Nalitanguliza hilo kwa sababu kila ninapomfundisha mtu mpya, swali lake la kwanza huwa ni kuhusu shoka la barafu: nilishikeje, nilipigeje, ninunue la urefu gani. Ni maswali mazuri na nitayajibu. Lakini theluji iliyokubeba kama sakafu ya saruji saa kumi na moja alfajiri, ikifika saa nne asubuhi inaweza kukumeza hadi magotini, na mawe yaliyokuwa yameshikwa na barafu ukutani yakaanza kuachia moja moja. Ufundi wa mikono na miguu hauwezi kuzuia hayo. Kinachokuokoa ni saa uliyotoka hemani.

Ninachozungumzia hapa ni mfereji mwembamba wa theluji uliobanwa na kuta mbili za mwamba, mwinuko wake nyuzi 40 hadi 50, urefu wake mita 300 hadi 600, ambao watu wawili wenye pumzi nzuri wanaweza kuupanda na kurudi kati ya Ijumaa jioni na Jumapili mchana. Barafu ngumu iliyosimama ni habari nyingine. Diamond Couloir ya Mlima Kenya, ambayo Phil Snyder na Thumbi Mathenge waliipanda kwa mara ya kwanza mwaka 1973, nayo ni korongo, ila ni la barafu, na linadai mashoka mawili na ujuzi ambao haupatikani kwa kusoma makala. Na kama hujawahi kabisa kuvaa kramponi, yaani yale meno ya chuma yanayofungwa chini ya buti, tafuta kwanza mteremko mpole usio na hatari chini yake, uende na mtu mzoefu, ushinde hapo siku nzima. Kisha rudi tuendelee.

Korongo huchaguliwa Ijumaa

Ugumu wa wikendi ni kwamba siku mbili zako zimeshapangwa kabla theluji haijaulizwa. Umeomba ruhusa, umemshawishi mwenzako, mmejaza mafuta, na Jumatatu kuna kazi. Mambo hayo yote yanakusukuma kupanda hata pale ambapo hungepanda. Dawa yangu ni kutofunga nia na korongo moja. Nakuwa na matatu, yanayotazama pande tofauti, na la tatu ni njia ya kutembea tu kwenye mgongo wa mlima, mbali na mfereji wowote. Uamuzi naufanya Ijumaa mchana, nikiwa nimesoma hali ya hewa.

Natazama kwanza theluji mpya. Ikiwa imeanguka nyingi ndani ya saa 24 hadi 48 zilizopita, korongo linafutwa. Halafu upepo, kwa sababu upepo huhamisha theluji nyingi kuliko inayoanguka, ukaipakia kwenye upande uliokingwa. Korongo lina pande mbili zilizokingwa, kwa hiyo hujazwa hata upepo unapovuma kwa kulikatiza. Theluji ya namna hiyo hujipanga kama bamba lililokaa juu ya tabaka dhaifu, na bamba likikatika huondoka lote kwa pamoja.

Baada ya hapo naangalia mawingu ya usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili. Watu wengi hutazama kipimo cha joto peke yake. Usiku usio na mawingu, uso wa theluji hupoteza joto kuelekea angani na unaweza kuganda vizuri hata hewa ikiwa juu kidogo ya sentigredi 0. Mawingu yakifunika, joto hilo hurudishwa chini, na alfajiri unakuta theluji iko laini vilevile ulivyoiacha jioni. Usiku wa mawingu na joto, mimi huwa nalala.

Kisha upande linakotazama. Korongo linalotazama mashariki huguswa na jua la kwanza kabisa. Kaskazini ya ikweta, kuta zinazotazama kusini hupigwa jua mchana kutwa. Kusini ya ikweta ni kinyume chake. Mfano unaojulikana ni korongo la Whymper kwenye Aiguille Verte, juu ya Chamonix, Ufaransa, ambalo Edward Whymper alilipanda na waongozaji Christian Almer na Franz Biner tarehe 29 Juni 1865. Upande ule hupata jua mapema, na hadi leo wanaolitumia wanakimbizana na saa, hasa wakati wa kushuka.

Mwinuko wenyewe nao unataka heshima. Maporomoko mengi ya mabamba ya theluji huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, na hutokea zaidi karibu na nyuzi 38. Maana yake korongo letu liko katikati ya eneo hilo la hatari. Unaweza kuupima mwinuko ukiwa bado nyumbani: kwenye ramani ya 1:25,000 yenye mistari ya mwinuko ya kila mita 20, mistari ikiachana kwa milimita 1 basi hapo ni karibu nyuzi 39, ikiachana kwa milimita 0.8 ni nyuzi 45. Chukua rula. Macho hudanganya, na mteremko unaoutazama ana kwa ana kutoka mbali huonekana mkali kuliko ulivyo, ilhali ukiwa juu yake umechoka unauona wa kawaida.

Penye taarifa rasmi ya hatari ya maporomoko, isome yote, si ile namba peke yake. Kipimo kina viwango 5. Kikiwa 3 au zaidi kwenye upande na kimo ninachokwenda, siingii korongoni, na sijadili na mtu.

Mzigo

Buti liwe na soli ngumu isiyojikunja, na kramponi zifungwe na zijaribiwe kwenye buti lile lile, nyumbani, kwa kutikisa mguu kwa nguvu. Kramponi za meno 12, mawili yakitazama mbele, ndizo zinazofaa. Meno hayo ya mbele ndiyo yaliyobadilisha kazi hii: mpanda milima Mwingereza Oscar Eckenstein alibuni kramponi ya meno 10 mwaka 1908, mhunzi Henry Grivel wa Courmayeur akaifua, na mwaka 1929 Laurent Grivel akaongeza yale mawili ya mbele. Kabla ya hapo, mtu alikata ngazi kwa shoka hatua kwa hatua mpaka juu. Noa meno kwa tupa ya mkono, usitumie mashine ya kunolea, maana joto lake hulegeza chuma. Hakikisha pia kramponi zina vibao vya plastiki chini vya kuzuia theluji kujibandika, kwa sababu tonge la theluji likijaa kati ya meno, meno hayagusi kitu.

Shoka moja la sentimita 50 hadi 60 linatosha kwa nyuzi 45. Kama kuna sehemu ya nyuzi 50, au sehemu iliyogeuka barafu, chukua la pili, fupi. Helmeti, mkanda wa kupandia, kamba ya mita 50 au 60, vigingi viwili vya theluji, kombeo chache (vitanzi vya utepe imara), karabina (pete za chuma zenye mlango), na vipande vichache vya kukwama kwenye nyufa za mwamba. Kila mtu abebe transiva iliyowashwa, yaani kifaa cha redio cha kumtafuta aliyefukiwa na theluji, pamoja na fimbo ya kutafutia na koleo. Aliyefunikwa na poromoko ana nafasi nzuri ya kuishi ndani ya dakika 10 hadi 15 za kwanza. Baada ya hapo nafasi hiyo hushuka kwa kasi. Waokoaji kutoka bondeni hawafiki kwa dakika 15. Anayeweza kufika ni uliyekwenda naye.

Glavu jozi mbili, moja ikae kifuani mpaka ile ya kwanza ilowe. Betri za akiba za taa ya kichwani pia zikae kifuani, maana baridi huzifyonza.

Jumamosi ni ya kutazama

Fika chini ya mlima mapema kiasi cha kuliona korongo zima kwa mwanga wa mchana. Nenda na darubini ndogo, kaa chini, utazame kwa nusu saa bila kuongea. Juu kabisa, je, kuna upenu wa theluji unaoning'inia kwenye ukingo? Uko upande gani, na wapi ni mwembamba zaidi? Chini kabisa, theluji imeachana na mwamba au na barafu ya chini kiasi gani, na ni wapi pana daraja la kuvukia ufa huo? Katikati, korongo linabanwa wapi? Penye kubana ndipo kila kinachoanguka hupitia.

Halafu tazama lile rundo lililotandazwa mguuni mwa korongo. Rundo hilo linasimulia yote. Ukilifikia, piga magoti uangalie mawe yaliyomo. Jiwe lililozama na kuganda ndani ya theluji lilianguka siku zilizopita theluji ilipokuwa laini. Jiwe lililokaa juu ya theluji, kavu, likiwa na mkwaruzo mpya nyuma yake, limeanguka leo. Hesabu ya hayo ya pili, pamoja na saa yanayoanguka, ndiyo taarifa bora kuliko yoyote utakayosoma. Mimi hukaa pale mchana jua likiwa juu ya kuta nikasikiliza: sauti ya kwanza ya jiwe ilikuwa saa ngapi? Naiandika.

Jioni ile, kabla ya kula, fanyeni zoezi la kujizuia kwenye mteremko mfupi unaoishia penye tambarare. Mkono mmoja unashika kichwa cha shoka, dole gumba likipita chini ya tezo, yaani upande bapa wa kichwa hicho. Mkono wa pili unashika mpini karibu na ncha ya chini. Ukianguka, geuka ulalie tumbo, leta mdomo wa shoka, yaani ncha yake kali iliyopinda, kando ya bega, ukandamize kwa kifua chako chote. Ukiwa umevaa kramponi, inua miguu mpaka mwendo upungue, la sivyo meno yatanasa na kukupindua. Fanya kuanguka kwa mgongo, na kwa kichwa kikitangulia, kushoto na kulia. Zoezi la miguu juu fanyeni bila kramponi miguuni. Kwenye theluji iliyoganda ya nyuzi 45, mwili unaoteleza una msuguano mdogo mno. Ndani ya sekunde 3 unaweza kupita kasi ya kilomita 60 kwa saa, na hapo shoka haliwezi tena kukusimamisha. Unajizuia kwenye sekunde ya kwanza au hujizuii.

Kuhesabu saa kwa kurudi nyuma

Chukua saa ambayo jua litagusa kuta za juu za korongo. Kuta za juu, si theluji uliyosimama wewe, kwa kuwa mawe huanza kuachia kule wakati wewe bado uko kivulini. Tuseme ni saa moja asubuhi. Korongo lina mita 450. Watu wawili wenye afya hupanda kama mita 200 za kimo kwa saa kwenye theluji nzuri, kwa hiyo ni saa mbili na robo. Ongeza dakika 45 za kuvuka ufa na kushughulika na kamba. Basi muwe mguuni mwa korongo saa kumi usiku. Kutembea kutoka hemani ni saa mbili: mtoke saa nane. Kuchemsha chai, kula, kuvaa: mwamke saa saba. Ongeza nusu saa ya dharura, mwamke saa sita na nusu. Kwenye milima mirefu, ambako hewa ni nyepesi, mwendo huo wa mita 200 hupungua sana. Pima mwendo wako halisi Jumamosi na utumie huo.

Weka pia saa ya nusu ya njia. Kwa mfano huu, saa kumi na moja na nusu lazima muwe mmevuka nusu ya korongo. Msipovuka, mnageuka. Kubalianeni hemani, mkiwa mmekula na mna joto, kwa sababu kule juu kila mmoja atakuwa anamwonea mwenzake haya.

Mguuni mwa korongo

Vaa kramponi mahali pa tambarare, kabla hujazihitaji. Vaa helmeti kabla ya kuingia kwenye njia ya mawe. Kisha simama kwa mguu mmoja, uzito wote.

Kipimo hicho nakiamini kuliko vyote. Buti likiacha alama ya sentimita 2 au 3 tu, na meno ya kramponi yakitoa mlio mkavu, theluji imeganda. Uso ukibeba kwa sekunde moja kisha ukavunjika, ukazama hadi kifundo cha mguu, basi kilichoganda ni ngozi tu. Ukipita kifundo ukakaribia nusu ya muundi, mambo yamekwisha kwa leo. Chimba pia kidogo kwa tezo: sentimita 15 au 20 za theluji ngumu zinatosha, sentimita 4 za ngumu juu ya theluji yenye maji hazitoshi. Mazungumzo yetu mahali hapo huwa mafupi.

“Kaka, linazama.”

“Kiasi gani?”

“Kifundo. Na huku kifundo.”

“Basi turudi tukalale.”

Ishara nyingine tatu hazina mjadala: poromoko jipya kwenye mteremko unaotazama upande uleule, nyufa zinazokimbia kutoka miguuni mwako, au sauti nzito ya theluji kujikalia chini yako. Ukiona moja tu, ondoka.

Miguu kwanza, halafu mikono

Kwenye nyuzi 30 hadi 35 za mwanzo, weka wayo wote bapa, meno yote ya chini yakiuma, ukipanda kwa kukatiza kushoto na kulia. Vifundo vinajipinda kuufuata mteremko, na vinachoka, lakini misuli ya nyuma ya miguu inabaki mizima kwa sehemu ngumu ya juu. Mwinuko ukizidi, geuka uutazame mlima. Mimi huchanganya: mguu mmoja kwa meno ya mbele, mwingine bapa umegeuzwa pembeni, kisha nabadilisha baada ya hatua ishirini hivi. Kupanda kwa meno ya mbele peke yake kwa mita 450 kunaunguza misuli mpaka miguu inaanza kutetemeka yenyewe.

Teke hutoka gotini. Acha buti libembee na uzito wake lenyewe lipige, mara moja au mbili, halafu liache. Ukishapiga usilichezeshe. Kisigino kishuke kidogo, kiwe sawa na vidole au chini yake. Mtu akiogopa hunyanyua visigino na kuuegemea mlima kwa kifua. Akifanya hivyo, meno ya mbele yanachomoka na meno ya pili hayaumi. Simama wima juu ya miguu yako. Kati ya kiuno chako na theluji paonekane nafasi. Ninapomfuata mwanafunzi, natazama visigino vyake tu. Vikianza kupanda najua amechoka au ameogopa, namwambia asimame tukate mahali pa kupumzikia.

Hatua ziwe fupi. Anayetangulia apige ngazi kwa kipimo cha mwenye miguu mifupi zaidi, na kila ngazi iinamie ndani kidogo, si nje. Kuanzisha ngazi kunachosha kuliko kufuata, kwa hiyo badilishaneni kabla aliye mbele hajachoka, penye usalama wa kupishana.

Shoka mwanzoni ni mkongojo: shika kichwa, choma mpini kwenye theluji kila baada ya hatua mbili, usimamishe shoka kabla hujasogeza mguu. Theluji ikiwa ngumu hata mpini hauingii zaidi ya nusu, na mwinuko umefika nyuzi 45, shika kichwa kwa juu na usukume mdomo ndani ya theluji usawa wa kiuno. Ikizidi hapo, panda nalo usawa wa bega. Kulizungusha na kupiga juu ya kichwa ni kwa sehemu chache za barafu au za kutokea juu. Ukipiga kila hatua, mikono itakuwa imekufa nusu ya njia.

Kisha mahali pa kupita. Katikati ya korongo mara nyingi pana mfereji mdogo uliochimbwa na vitu vinavyoanguka. Usikae humo. Vuka haraka, mmoja mmoja. Panda kandokando, chini ya ukuta unaojitokeza na kukukinga, lakini usibanane nao sana: mwamba hushika joto na kuyeyusha theluji inayougusa, na hapo hujificha pengo ambalo linaweza kumeza mguu mzima. Mita 2 au 3 kutoka ukutani huwa panatosha. Na kama kuna watu juu yenu, kila kipande cha barafu wanachokipiga kinakuja kwenu. Mkikuta kundi limetangulia kwenye korongo jembamba, subirini pembeni penye kinga kama saa inaruhusu, isiporuhusu, rudini.

Kupumzika: kata kwa tezo kijukwaa cha buti mbili, chini ya mwamba unaokinga. Funga shoka kwenye mkanda. Kunywa, weka kitu kinywani, angalia saa, ondoka. Dakika 3 zinatosha. Kila mnaposimama, piga buti kwa mpini wa shoka kudondosha theluji iliyojaa.

Kamba

Hapa nina msimamo na sitaulegeza. Watu wawili waliofungana kamba kwenye theluji ya nyuzi 45 bila nanga yoyote kati yao, yaani kitu kilichokazwa kwenye theluji au mwamba cha kuishika kamba, wamejifunga ili waanguke pamoja. Mmoja akiteleza, kamba inapokazika mwenzake anang'olewa kwenye ngazi zake, kwa sababu hakuna anayeweza kusimamisha uzito wa mtu anayekuja kwa kasi ile huku amesimama kwenye vidole. Kamba inaleta faraja machoni, na faraja hiyo haina kitu ndani yake.

Kuna njia tatu za kweli. Ya kwanza, kila mtu apande bila kamba, kama theluji ni nzuri na kila mmoja ana uhakika na miguu yake. Ya pili, mpande pamoja mkiwa na kamba, lakini wakati wote kuna angalau nanga mbili kati yenu: wa mbele anaweka, wa nyuma anang'oa. Ya tatu, mmoja apande na mwingine amshikie kutoka kwenye nanga imara, kwa awamu. Hii ya tatu ni salama kuliko zote dhidi ya kuteleza, ila inakula muda, na muda katika korongo ni hatari ya namna yake. Kwa hiyo naitumia penye haja: ufa wa chini, mahali palipobana pakaganda, na upenu wa juu. Penginepo ninatumia ya pili. Mwenzako akisema anataka kamba, anapewa kamba, na mnahesabu saa upya.

Nanga bora hazimo kwenye theluji kabisa. Ziko kwenye kuta za pembeni. Ndiyo sababu nyingine ya kupanda kando. Pitisha kombeo kwenye pembe imara ya mwamba, au kwamisha kipande kwenye ufa, baada ya kugonga mwamba na kusikiliza kama uko mtupu ndani. Pasipo na mwamba mzuri, tumia kigingi. Kwenye theluji ngumu sana, kipigilie kikiwa kimeinamia upande wa juu, kinyume na mvuto. Kwenye theluji isiyo ngumu hivyo, kizike kimelala: chimba mtaro wa kina cha sentimita 40 au zaidi kukatiza mteremko, kilaze humo, kombeo litoke katikati yake kupitia mfereji mwembamba unaoshuka chini, ili mvuto usikiinue. Usiikanyage theluji iliyo mbele yake. Ndiyo inayokishikilia.

Upenu na kutoka

Mita 30 za mwisho huwa kali kuliko zote, na ndipo watu huharakisha. Tokea mahali ulipopachagua Jumamosi kwa darubini, penye upenu mwembamba au pasipokuwa nao, mara nyingi ubavuni ambako theluji hukutana na mwamba. Mshikaji kamba asikae chini ya upenu; akae pembeni, kwenye mwamba. Anayetoka akate mlango kwa tezo, akipunguza kidogo kidogo, achome mpini wa shoka upande wa pili kabla hajainua mwili. Akishapita, asisimame kushangaa mandhari hapo hapo. Upenu hukatikia nyuma zaidi ya unavyodhani, kwa hiyo aendelee hadi penye mwamba, au mita kadhaa ndani ya mgongo wa mlima, ndipo atengeneze nanga.

Kushuka

Shukeni kwa njia nyingine. Korongo mlilopanda alfajiri sasa linapigwa jua, na kulirudia saa tatu asubuhi ni kufuta kazi yote ya kuamka usiku. Njia ya kushuka muwe mmeisoma kwenye ramani na, ikiwezekana, mmeitazama Jumamosi.

Mkilazimika kurudi kwa korongo lenyewe, fanyeni hivyo mapema, wakati bado limeganda. Utazame mlima, shoka likitangulia kuchomwa, hatua fupi, ukizirudia ngazi zilezile. Penye ukali mno teremkeni kwa kamba kutoka kwenye nanga ya mwamba. Kama hakuna mwamba, chongeni kisiki cha theluji: mtaro wa umbo la kiatu cha farasi, kina cha sentimita 30 hivi, upana wa mita 1 kwenye theluji ngumu na hadi mita 3 kwenye laini, kamba ikizunguka nyuma yake. Wa kwanza kushuka awe mzito zaidi, akiwa na kigingi cha akiba kilichofungwa bila kubeba uzito. Wa mwisho hukiondoa na kushuka na kisiki peke yake.

Kuteleza kwa makalio, ambako kila mgeni hukutamani, ni kwa miteremko ya chini tu, pale unapoona mwisho wake ni tambarare isiyo na mawe wala ufa, na kramponi ziwe zimeshavuliwa zikawekwa ndani ya begi. Jino moja likinasa ukiwa unateleza, kifundo kinavunjika.

Mkivuka ufa wa chini, msisimame kwenye rundo la mguuni mwa korongo kukunja kamba na kupigana picha. Mawe yanayotoka juu hufika hapo na kupita. Tembeeni na kamba ikiwa imekusanywa ovyo begani mpaka mtoke kabisa nje ya alama za mawe mlizoziona jana, muende mita mia zaidi, ndipo mvue helmeti na kuwasha jiko.